Barua ya wazi: Tuambieni ndani ya kopo kulikuwa na nini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar
Kwa Mkurugenzi Mtendaji, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar
Kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala Zanzibar

Waheshimiwa, assalaam alaykum.

Mimi ni mwalimu, nasomesha kemia katika skuli moja ya sekondari hapa Wete, Pemba. Nakuandikieni kwa sababu ya kopo jeupe la plastiki lenye kifuniko cha kijani. Kopo hilo lilikaa juu ya kabati la mama yangu miezi saba, pembeni ya msahafu na tasbihi yake. Sote nyumbani tulikuwa tukiliona, na hakuna aliyeuliza.

Mama ana miaka 68. Umri wake wote amechambua karafuu na kuzianika, kukaa chini na kuinuka, kuinama na kukunja majamvi mvua ikitishia. Magoti yakachoka. Kwanza alisali akiwa amekaa kwenye kiti, baadaye hata kutoka ukumbini kwenda jikoni akawa anashika ukuta. Hospitali alipewa vidonge vya maumivu na akaambiwa apunguze uzito. Basi siku moja akapita kijana na gari yenye kipaza sauti, akasimama karibu na soko, akatangaza dawa ya viungo. Mama alinunua kopo moja kwa shilingi 15,000. Kijana alimwita "mama yangu" na akamuombea dua.

Nitakuelezeni kilichoandikwa kwenye kopo, kwa sababu nimelisoma mara nyingi mpaka nimelihifadhi. Juu: "Tiba ya Sunna", na picha ya punje za habasoda. Chini yake: "Dawa ya asili 100%. Haina kemikali." Kisha orodha: magoti, mgongo, ganzi, sukari, presha, vidonda vya tumbo, chango, bawasiri, nguvu za kiume. Hakuna jina la kiwanda wala anuani, wala hakukutajwa mti hata mmoja isipokuwa ile picha. Kuna nambari ya simu ambayo leo haipatikani. Na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo za kijani: "Imethibitishwa na Serikali."

Mimi ninayewaambia watoto darasani kwamba hata maji ya kunywa ni kemikali nilipaswa kusimama kwenye neno lile "haina kemikali". Sikusimama. Niliona mama anatembea, nikamshukuru Mungu.

Maana kweli alitembea. Siku ya nne aliacha kushika ukuta. Wiki ya pili alipanda gari peke yake kwenda Konde kumuona dada yake. Majirani wakamwambia, "Bi mkubwa, umerudi ujana," na wanne kati yao wakamngojea yule kijana arudi, nao wakanunua. Kwa miezi mitatu nyumba yetu ilikuwa na furaha ambayo hatukuijua tangu baba afariki.

Kisha uso ulianza kujaa, ukawa wa duara. Watu walisema kanawiri. Mikononi yakamtoka mabaka ya zambarau kila alipogusa ukingo wa mlango, na ngozi yake ikawa nyepesi kama karatasi ya kufungia andazi. Akawa na kiu isiyokatika, usiku anaamka mara nne kwenda haja ndogo. Tukasema ni utu uzima.

Mwezi wa saba tulikwenda Unguja kwenye harusi, na kopo likasahauliwa juu ya kabati. Siku ya tatu mama alitapika asubuhi, adhuhuri hakuweza kuinuka kitandani, na alasiri tulimfikisha hospitali anaitika kwa shida, mikono yake baridi, presha imeshuka mno. Dakta aliuliza, "Anatumia dawa gani?" Nikamjibu bila kusita, "Hatumii dawa yoyote, dakta." Sikumdanganya kwa kusudi. Kwetu mitishamba haihesabiwi pamoja na dawa, na hilo mnalijua kuliko mimi. Akauliza tena, akamwinamia mama sikioni: "Bibi, mficha uchi hazai. Niambie." Mama akasema kwa sauti ndogo, "La magoti."

Ndugu yangu aliyebaki Wete alilipiga picha kopo akaituma kwa simu. Dakta aliisoma lebo, akaikuza kwa vidole viwili, akaisoma tena. Halafu akanirudishia simu na kusema, "Hapa hapana kitu cha kunisaidia." Akalazimika kumtibu kwa dalili peke yake. Alinieleza kwamba zote ni za mtu aliyekula steroidi, dawa kali za hospitali za kutuliza uvimbe na maumivu, muda mrefu kisha akaziacha ghafla. Juu ya figo kuna tezi mbili zinazotengeneza homoni ya aina hiyo mwilini. Ikiingia kutoka nje kila siku, tezi hulala. Ukiiondoa kwa mara moja, tezi bado zimelala, na mwili unabaki hauna kitu cha kuushikilia. Alimtia haidrokotisoni, steroidi ya hospitali, kwa mshipa, na alhamdulillahi mama akarudi. Mpaka leo anapunguziwa vidonge vya hospitali kidogo kidogo, na sukari yake inapimwa kila wiki.

Waheshimiwa, lebo si pambo la kopo. Usiku ule lebo ndiyo iliyokuwa shahidi pekee, na ilisema uongo mbele ya dakta.

Najua serikali haikulala. Tunayo Sheria Nambari 2 ya mwaka 2006 ya Chakula, Dawa na Vipodozi, na ikafanyiwa marekebisho 2017. Tuna Wakala, tuna Baraza la Tiba Asili, tuna maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Najua pia ugumu wa kazi yenu katika visiwa vyenye bandari bubu kila penye mkoko na mchanga, ambapo mzigo hushushwa usiku na alfajiri umeshafika dukani. Sikuandika kukulaumuni kwamba hamkamati. Nimeandika kwa sababu mnapokamata, sisi wa huku shamba tunachokiona ni moto. Tunaona picha ya mzigo ukiteketezwa jaani, tunasikia uzito wake, na tunasikia neno moja: "hazijasajiliwa."

Neno hilo, nakuombeni mlisikie kwa masikio ya mtu wa kijijini. "Haijasajiliwa" kwake maana yake ni kwamba mwenye dawa hakulipa ada. Ni ugomvi wa mfanyabiashara na ofisi. Hata leseni ya baiskeli ina habari hizo hizo. Tena anamuonea huruma, anasema kijana wa watu kachomewa mali yake, na kesho akimuona ananunua makopo mawili. Lakini mwambie mtu huyo huyo kwamba ndani ya kopo lililoandikwa habasoda maabara imekuta steroidi, na kwamba uso wa mkewe umejaa kwa sababu hiyo. Hatonunua. Na atakwenda kumwambia jirani yake kabla jua halijazama.

Ninachoomba basi ni hiki kimoja. Kila mnapoithibitisha dawa kuwa na lebo ya uongo, tutangazieni lebo ilisema nini na maabara ilikuta nini. Kwa jina la dawa, kwa picha ya kopo, kwa Kiswahili.

Si jambo geni duniani. Marekani, miaka zaidi ya 100 iliyopita, ilikuwa na soko kama hili letu la kipaza sauti, ila kubwa mara elfu. Dawa za chupa ziliuzwa kwa siri ya fomula na kwa ahadi za kutibu kila kitu. Kulikuwa na sirapu ya kutuliza watoto wanaoota meno, Mrs. Winslow's Soothing Syrup, na kilichowatuliza watoto kilikuwa mofini, dawa kali ya kulevya itokanayo na afyuni. Mkemia wa serikali, Harvey Wiley, alipigania sheria kwa miaka mingi, na tarehe 30 Juni 1906 Rais Theodore Roosevelt akaitia saini. Sheria ile haikupiga marufuku dawa hizo. Iliamuru kwamba lebo isiseme uongo, na kwamba mofini, afyuni, kokeini, pombe na vitu vingine vya hatari vikiwemo viandikwe. Mama aliyesoma "mofini" kwenye chupa ya mwanawe alijua la kufanya.

Ndani ya sheria hiyo kulikuwa na kifungu ambacho hakisimuliwi sana, nacho ndicho kilichonifanya nichukue kalamu. Kesi ikishahukumiwa, serikali ilitakiwa kuchapisha taarifa yake: lebo ilidai hivi, mkemia alikuta hivi, mahakama iliamua hivi. Clark Stanley alikuwa akiuza mafuta aliyoyaita ya nyoka, tiba ya maumivu ya kila namna. Wakemia wa serikali wakakuta ni mafuta mepesi ya madini, mafuta kidogo yaliyoonekana kuwa ya ng'ombe, na pilipili. Mwaka 1916 alitozwa faini ya dola 20. Faini ile ilikuwa ndogo ya kusikitisha, lakini taarifa ilichapishwa na mpaka leo inasomeka. Mimi nimeisoma nikiwa Wete.

Wenzetu pia walijikwaa, na tusiwaige hapo. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sheria ilikataza uongo juu ya kilichomo ndani ya chupa tu, si uongo juu ya maradhi inayoyatibu. Kesi yenyewe ilihusu dawa iliyodai kutibu saratani. Mwaka uliofuata Bunge lao lilirekebisha, lakini likamtaka mwendesha mashtaka athibitishe kwamba muuzaji alikusudia kulaghai. Nani atathibitisha kilichomo moyoni mwa mtu? Muuzaji alisema aliiamini dawa yake, akaenda zake. Hilo lilidumu mpaka 1938, na hata hapo sheria mpya ilipita kwa sababu ya vifo. Mwaka 1937 kampuni moja ya Tennessee iliyeyusha sulfanilamide, dawa ya kuua vijidudu, katika daietilini glaikoli, ambayo ni sumu, ikaiuza kama sirapu. Walikufa watu zaidi ya 100, na watoto wengi miongoni mwao. Sheria ya wakati ule haikumlazimisha mtu kupima usalama wa dawa. Serikali ilipotafuta njia ya kuzikamata chupa zile, iliipata katika neno moja la lebo: iliandikwa "Elixir", jina la dawa iliyoyeyushwa kwa pombe, na pombe haikuwemo. Neno hilo moja la uongo ndilo lililowapa wakaguzi nguvu ya kuzifuata chupa duka kwa duka na nyumba kwa nyumba.

Sumu hiyo hiyo ilirudi Gambia 2022 ndani ya sirapu za watoto, na watoto zaidi ya 60 wakafa kwa figo kushindwa. Mwezi wa Oktoba mwaka ule Shirika la Afya Duniani lilizitaja sirapu nne kwa majina yake, hadharani. Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walipita mlango kwa mlango kuzikusanya. Wangekusanya nini kama tangazo lingesema tu "baadhi ya sirapu zisizofaa"? Shirika hilo hilo lilikadiria 2017 kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, dawa moja kati ya 10 ni bandia au chini ya kiwango. Kwa hiyo siliongelei kopo la mama yangu peke yake.

Wala la kwetu halikuanzia kwetu. Maabara za nchi mbalimbali zimekuta deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na diklofenaki, dawa ya hospitali ya maumivu, ndani ya dawa za viungo zilizouzwa kama mitishamba, glibenklamidi, kidonge cha hospitali cha kushusha sukari, ndani ya dawa za asili za sukari, na sildenafili, ile iliyomo kwenye Viagra, ndani ya za nguvu za kiume. Mzee wa moyo anayetumia dawa ya kuweka chini ya ulimi, akila sildenafili bila kujua, presha yake inaweza kuporomoka akafa. Jamaa zake watasema ajali ya Mungu, na hakuna atakayelifungua kabati.

Tangazo lenyewe si lazima liwe refu. Jina na picha ya kopo, nambari ya toleo kama ipo, nambari ya simu iliyoandikwa, madai ya lebo, na kilichokutwa. Libandikwe kwa masheha, kwenye vituo vya afya na kwenye maduka ya dawa. Lisomwe redioni, na nikisema redioni nakusudia pia Redio Jamii Micheweni, maana wanaoisikiliza ndio wanaofuatwa na magari ya vipaza sauti. Litumwe kwenye makundi ya simu, kwa sauti pia, kwa wasiojua kusoma. Mkiwaomba maimamu walitaje baada ya sala ya Ijumaa, sidhani kama yuko atakayekataa, hasa pale uongo wenyewe umevishwa jina la Sunna. Kumsingizia Mtume, rehema na amani zimshukie, ili kuuza steroidi ni jambo linalonitia uchungu kuliko pesa zote alizozitoa mama.

Na kwa tangazo la dawa ya viungo, nakusihini mno, liwe na mstari huu: aliyekwisha kuitumia kwa wiki kadhaa asiiache ghafla, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo na kopo lake mkononi. Mkisema "acheni kutumia" na mkanyamaza hapo, mtawaangusha watu kama alivyoangushwa mama yangu na harusi ya Unguja. Wale majirani zetu wanne niliwafuata mmoja mmoja. Watatu sasa wako mikononi mwa dakta. Wa nne amenikatalia, anasema namuonea wivu kijana wa watu, na kila nikimpita barazani kwake naona uso wake umezidi kujaa. Kwangu hasikii. Kwa sauti ya Serikali huenda akasikia.

Nimeambiwa na mtu mzima mmoja anayeijua sheria kwamba kutaja majina kunaweza kuileta Serikali mahakamani. Nimelifikiria. Lakini siombi mtangaze tetesi, naomba mtangaze cheti cha maabara baada ya kuthibitishwa. Mwenye kopo akiona kaonewa, aje na jina lake na kiwanda chake alalamike. Mpaka leo tatizo letu ni kwamba hana jina wala kiwanda.

Na maneno "Imethibitishwa na Serikali" pasipo nambari ya usajili, hayo yatoshe peke yake kumfikisha mtu mahakamani. Jina lenu liliibiwa likatumika kumshawishi mama yangu. Aliniambia hivyo mwenyewe hospitali, "Si wameandika Serikali imeithibitisha?" Sikuwa na jibu la kumpa. Vyombo vya habari vinavyopokea pesa za matangazo ya dawa navyo vidai kibali kwanza.

Waheshimiwa wa Baraza la Tiba Asili, barua hii si dhidi yenu wala dhidi ya waganga. Bibi yangu alikuwa mkunga na mjuzi wa miti. Aliijua shubiri, mvuje, mchaichai na muarobaini, na alijua pia kumwambia mtu, "Hili si langu, mpelekeni hospitali." Mganga wa namna hiyo bado yupo Pemba, na leo anaonekana dhaifu mbele ya kopo linaloondoa maumivu kwa siku nne. Hawezi kushindana na steroidi kwa majani ya mti, na hapaswi kushindanishwa. Nadhani nyinyi ndio wa kwanza kufaidika siku maabara itakaposema waziwazi yupi anauza mti na yupi anauza kidonge cha hospitali kilichosagwa.

Kopo ninalo. Baada ya mama kutoka hospitali nililiteremsha kabatini, nikamwaga vidonge juu ya karatasi nyeupe, nikavihesabu mbele ya ndugu yangu, nikavirudisha na kulifunga kwa utepe. Vimebaki 11, vya rangi ya kahawia, viwili vimevunjika. Nimelitia ndani ya bahasha pamoja na nakala ya barua hii, karatasi za hospitali na simulizi ya mama kama alivyonieleza, na alama ya kidole chake chini yake. Jumatatu sina kipindi mpaka saa nne. Nitalileta mwenyewe ofisini kwenu Pemba asubuhi, na nitaomba risiti ya kulipokea.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa kemia, Wete, Pemba